Karatasi Kumi na Saba, Mwandiko Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeapa mbele ya watu kumi na saba. Mkono juu kabisa, kama niko kwenye ubatizo! Na sijutii. Bado.

Sababu ni kwamba watu wanatukimbia. Tangu mwaka uanze, wafanyakazi kumi na mmoja wameacha kazi hapa kiwandani, na tisa kati yao ni wa kikosi kimoja, kile kinachoosha mchanga wenye madini ya bati na kuukausha. Papa Sébastien, direkta wetu, anasema ni uvivu tu, watu wa Walikale wamezoea msitu. Nilimjibu kwamba uvivu si sababu, ni tusi. (Nilimjibu kwa upole sana. Ukali nauweka humu daftarini.) Nikamwomba ruhusa niwaulize wenyewe. Miaka mitano nimesoma saikolojia ya kazi kule Goma, halafu mwaka mzima hapa kazi yangu imekuwa kupanga ruhusa za wagonjwa na kusaka dosye, yaani mafaili ya wafanyakazi, zilizopotea. Akakubali! Nilitoka ofisini kwake nikitaka kurukaruka.

Fomu niliitengeneza mwenyewe. Maswali kumi na mawili ya kuweka alama, kuanzia moja mpaka tano, na moja la mwisho la kuandika: *Kitu gani kingekufanya ubaki?* Hakuna jina, hakuna umri, hakuna kijiji. Nilipowaeleza, Mama Elisabeth, ambaye ndiye mkubwa wao, aliuliza, "Dada, njo kusema direkta hatajua ni nani ameandika nini?" Hatajua, nikasema. "Na wewe?" Na mimi sitajua, wala sitatafuta. Akasema basi niape. Ndipo nikaapa.

Halafu wakaomba kwenda na makaratasi nyumbani, watayaleta kesho. Profesa wangu angekataa palepale: kila mtu ajaze peke yake, kimya, mbele yako. Lakini mvua ilikuwa inakuja, na — niseme kweli — nilitaka wanipende. Mtu wa Masisi kama mimi akifika Walikale anatazamwa kwanza mwaka mmoja.

Jumanne, 4 Juni

Yamerudi yote. Kumi na saba! Nani anapata kumi na saba juu ya kumi na saba? Nikajifungia ofisini, nikawasha kompyuta.

Karatasi ya kwanza: mbili, moja, moja, tatu, moja... Ya pili: mbili, moja, moja, tatu, moja. Ya tatu hivyohivyo. Kufikia ya sita niliacha kuingiza, nikazitandaza zote mezani. Alama zilezile, mahali palepale. Na chini, mara kumi na saba, sentensi ileile kwa mwandiko uleule mzuri: *Mlango wa chumba cha moto usifungwe kwa kufuli tukiwa ndani.*

Nimelia. Si huzuni, ni hasira. Hii si data, ni wimbo wa kwaya. Utapata wastani gani kwa watu kumi na saba waliogeuka mtu mmoja? Nilikuwa nimeshachora majedwali kichwani, na rangi zake zote. Mjinga mimi niliyewaacha waende nazo!

Saa tisa ndipo niliisoma ile sentensi yenyewe, yaani kuisoma kweli. Kufuli gani?

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kuona. Chumba cha moto ndicho chumba cha kukaushia: mchanga uliooshwa unamwagwa juu ya mabati, moto wa kuni chini, na watu wanaugeuza kwa majembe mpaka ukauke. Mwaka mzima nimepita nje yake nikielekea chooni. Sikuwahi kuingia. Mwanasaikolojia wa kazi!

Shefu Samy, msimamizi wao, alinifungulia kwa heshima zote, madamu huku, madamu kule. Nikaingia. Mlango ukafungwa nyuma yangu, nikasikia kufuli likibana. Nilidhani ananitania.

Hakuna dirisha. Kuna matundu matatu juu, ya ukubwa wa tofali. Moshi haupandi, unakaa usawa wa macho. Nilikohoa mpaka nikainama. Dada mmoja alinisukumia kitenge kilicholowa maji, bila kuacha kugeuza mchanga. "Weka ku mapua. Usivute kwa kinywa." Ni Francine, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuja kwetu. Barua yake ya kuomba kazi niliipokea mimi mwenyewe, mwaka jana, na nikamsemea kwa direkta.

Baada ya robo saa nilitaka kutoka. Nikagonga. Hakuna mtu. Wakagonga wao kwa jembe. Hakuna mtu. Mama Elisabeth alinitazama, kisha akarudi kugeuza mchanga. Dakika arobaini jumla, tangu niingie! Nilizihesabu kwenye simu, kwa sababu kuhesabu ndiyo njia yangu ya kutopiga kelele.

Samy alirudi akifuta mdomo. Alisema alikuwa amekwenda kubishana na dereva getini. Nikamuuliza kufuli ni la nini. Ni kwamba mchanga ulikuwa unaibwa, unatoka kwenye pindo za nguo na ndani ya buti, akasema, na tangu alipolitia kufuli mwezi wa kwanza hautoki tena. "Haiko mubaya, madamu. Ufunguo niko nayo mimi." Nikamuuliza na moto ukishika paa? Akacheka. Paa halijawahi kushika moto.

Nimerudi ofisini nikinuka kama nyama ya kukausha, nikafungua orodha ya walioacha kazi, tarehe kwa tarehe. Wa kwanza aliondoka wiki tatu baada ya kufuli. Mwaka wa nyuma, kikosi hicho kilipoteza mtu mmoja tu, na huyo aliolewa. Jibu lilikuwa kwenye kompyuta yangu miezi yote hii, na sikuliona kwa sababu hakuna safu ya kufuli.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempelekea direkta: jedwali, tarehe, karatasi kumi na saba. Nimemweleza niliyoyaona. Nilisema vizuri, najua nilisema vizuri.

Alisoma sentensi ya chini. Akachukua karatasi ya pili, ya tatu. Nikaona uso wake unabadilika, nikafurahi, nikidhani ni aibu. "Madamu Laetitia, hii haiko uchunguzi. Hii iko komplo." Njama, eti! Mtu mmoja amewaandikia wote, na mtu huyo anatengeneza sendika, chama cha wafanyakazi, ndani ya kiwanda chake. Mlango ni kisingizio. Anamtaka huyo mtu. Mikataba ya kikosi kile inaisha mwisho wa mwezi huu, na mmoja hatasaini tena.

Nikasema niliwaapia. Akasema uliwaapia juu ya majina, na hapa hakuna jina, kuna mwandiko tu.

Sasa niandike na hili, maana nisipoliandika humu nitalisahau kwa makusudi. Saa kumi, wote walipoondoka, nilifungua kabati la dosye. Nikatoa barua zao za kuomba kazi. Nilijiambia ni ya kumlinda, nijue hatari iko wapi. Uongo. Nilitaka kujua tu. Niliishi na fumbo siku mbili na vidole vilikuwa vinaniwasha. Barua ya Francine ilikuwa ya nne. Ile *g* yenye mkia mrefu, kichwa cha habari kimepigwa mstari kwa rula. Ni yeye.

Nimetafuta. Nilisema sitatafuta, na haijapita hata wiki.

Ijumaa, 7 Juni

Direkta alipita mlangoni kwangu mara mbili. Mara ya pili akaniambia: mpaka Jumatatu. Nikajibu bado sijui. Sijawahi kudanganya kazini, na imetoka laini kama mafuta.

Kufuli bado lipo. Nililisikia saa tatu asubuhi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kwa Mama Elisabeth, ng'ambo ya daraja. Alikuwa anamenya mihogo. Nikamuuliza kwa nini walifanya vile, mbona niliwaambia kila mtu na maoni yake.

Aliniuliza kwetu ni wapi. Nyabiondo, kule Masisi, nikasema.

"Na kwenu Nyabiondo, kama iko neno ya shamba, mutu anaenda kwa shefu wa kijiji peke yake?"

Hapana. Familia inakaa kwanza.

"Njo vile. Na sisi tulikaa. Pale kwangu, wote, mpaka mvua ikaisha. Kuko wenye walitaka tuseme juu ya buti. Kuko wenye walitaka masaa ya kazi. Tukabishana, tukaona: neno moja tu, ile ya kufa. Mutu akisema peke yake, iko neno yake, wanamufukuza. Tukisema wote, watafukuza nani?"

Kwetu mlimani baba zangu wadogo hukaa siku mbili kabla ya kujibu barua ya mstari mmoja. Nimekulia katika vikao hivyo, nimepika chai yake! Halafu nikaenda chuoni nikafundishwa kwamba jibu safi ni la mtu mmoja, kimya, na kalamu yake. Kumbe hawa walikuwa wameelewa siri kuliko mimi niliyewaahidi. Mimi niliificha kwenye karatasi isiyo na jina. Wao walifichana wao kwa wao. Kilichowaponyoka ni kimoja: wengi hawaandiki vizuri, wakampa kalamu anayejua, na huyo alikuwa na barua kwenye kabati langu.

Nikasema, kijinga kabisa, lakini Mama, mwandiko ni mmoja.

Kisu kikasimama. "Umetafuta?"

Nikatazama maganda ya mihogo. Jibu akalipata. Akaendelea kumenya. Hakufoka. Aliniuliza tu kama Francine anajua, nikatikisa kichwa. Akasema Francine iko na watoto watatu na mama yake, kana kwamba sikujua. Nilikuwa najua. Iko kwenye dosye.

Nimeondoka bila kupewa hata maji. Huku Walikale hata mkusanya kodi hupewa maji.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani Francine alikaa benchi la mbele yangu. Wakati wa kupeana amani aligeuka, akanipa mkono, akauliza kama kifua kimepona. Nikasema kimepona.

Mama yangu amepiga simu kutoka nyumbani. Nimekula? Nimekula, Mama. Sikula.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika haraka. Niko ofisini kwa direkta, daftari liko juu ya goti.

Aliniita saa mbili na nusu. Hakuuliza kama nimepata. Alikuwa ameshafungua kabati mwenyewe, ana ufunguo wa pili, na sikujua. Ameona nani kati yao aliwahi kuwa mwalimu, basi, hesabu yake ikaisha. Mezani kuna barua ya Francine, na kando yake moja ya zile kumi na saba. Kwenye kona ameandika A na B kwa kalamu nyekundu.

Nikamuuliza, kama anajua tayari, mimi wa nini? Kwa sababu Mkaguzi wa Kazi akiuliza, akasema, isionekane ni chuki ya direkta. Ionekane ni kazi ya mtaalamu. "Ni wewe njo ulisoma ile mambo. Linganisha, andika, tia sinyatire, sahihi yako." Na mkataba wangu mimi? Aliutaja pia, kwa sauti ya kirafiki. Nao unaisha mwisho wa mwezi.

Nikasema tufungue mlango kwanza, Papa, halafu tuzungumze mwandiko. Akasema tukianza kufungua milango kwa sababu ya makaratasi, kesho watataka ofisi hii.

Simu yake imelia. Humu ndani hakuna mtandao, ametoka uani. Namwona dirishani, amenipa mgongo, mkono kiunoni.

Karatasi aliyoniachia ameichapa mwenyewe: *Mimi, Laetitia Mukashema, mwanasaikolojia wa kazi, nahakikisha kwamba* — halafu mistari mitupu mitano, halafu mahali pa sahihi.

Naogopa. Nisijidanganye, naogopa sana. Mwaka mmoja nilitafuta kazi Goma nikiuza maandazi na diplomu ikiwa ukutani. Nikiandika "ni mmoja", ni kweli, hakuna atakayesema nilidanganya. Nikiandika "si mmoja", nadanganya, na anajua nadanganya, na Francine ataondoka vilevile, labda wiki moja baadaye. Na Francine nitamwambia nilichofanya. Leo, kabla ya Mama Elisabeth kumwambia.

Saa tatu kasoro dakika tano. Kikosi kinapita uani kwenda chumba cha moto, vitenge vimelowa, Francine wa tatu. Samy nyuma yao.

Nimejaza. Inasomeka. *Nahakikisha kwamba tarehe 5 Juni, nikiwa kazini, nilikuwa ndani ya chumba cha moto pamoja na wafanyakazi kwa dakika arobaini, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Tuligonga. Hakuna aliyefungua.* Mistari minne imetosha, wa tano nimeupiga msalaba ili mtu asiongeze kitu.

Sahihi bado. Anaaga kwenye simu, namsikia, anasema sawa, sawa, nitakupigia —