Magazeti ya Ayo Hayabanduki

Alhamisi, Mbulumbulu. Ukungu umeshuka kutoka msituni tangu asubuhi na haujaondoka. Nina hasira, na sitaki mtu anitulize.

Kaka yangu Boay ameleta ndoo mbili za rangi nyeupe. Jumamosi wakwe zake watarajiwa wanatoka Karatu mjini kuja kupaona nyumbani, na baba wa binti ni mwalimu mstaafu. Boay huwapeleka watalii kreta, amezoea malodge yenye kuta za mawe, sasa anaona aibu sebule ya mama kuwa na magazeti ukutani.

Aibu!

Magazeti hayo aliyabandika Ayo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw, kwa uji mzito wa ngano, ili upepo usipenye kwenye nyufa. Tulikuwa wadogo, na baridi ya huku haina huruma. Mwenye duka mmoja wa Karatu ndiye alikuwa anampa mafungu ya magazeti ya zamani. Panya wakala kona zote kwa sababu ya ule uji, Ayo akabandika mengine juu yake. Sasa hivi nadhani nyumba yetu inashikiliwa zaidi na habari kuliko udongo.

Ayo hajui kusoma. Basi jioni tukisubiri ugali tulikuwa na mchezo wetu: mimi nasoma kichwa cha habari, yeye anatuambia nini kilitokea baadaye.

MAJI YA BOMBA KUFIKA VIJIJINI KARIBUNI. Ayo akasema maji yaliondoka kweli, ila yalipofika Karatu yakaingia hotelini kunywa chai, yakapata mchumba, yakaoa, na sasa yana watoto wako sekondari.

TEMBO WAVAMIA SHAMBA LA MAHINDI. Wakanogewa na kijiji, wakagombea uenyekiti wa kitongoji, wakashinda. Mtu wa kwanza kukamatwa kwa kutochangia choo cha shule akawa mwenye shamba.

WANANCHI WATAKIWA KUWA NA SUBIRA. Hao, alisema Ayo, tusiwasumbue, bado wamesimama palepale na kuku wanatagia kwenye kofia zao.

Nilikuwa nacheka mpaka napaliwa. Na Boay, huyu huyu wa rangi nyeupe, alikuwa hali mpaka asimuliwe ile ya tembo.

Leo mchana nikamwambia abaki na rangi yake. Tukabishana palepale sebuleni, Ayo ameketi kwenye kigoda anachambua maharage. Mwishowe Boay akamgeukia Ayo, akaropoka: "Mwalimu ataingia humu aone nusu ya magazeti yako kichwa chini miguu juu, atajua tumelelewa na mtu asiyejua kusoma!"



Ayo alikuwa hajui kwamba mengine yamegeuka. Yenye picha aliyaweka sawasawa, maana mtu anajulikana kichwa chake kiko wapi. Yale ya maandishi matupu aliyabandika yalivyokuja mkononi, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia. Sisi tulijifunza kuyasoma hivyohivyo yalivyogeuka. Kwetu yalikuwa magazeti tu.

Boay akatoka, ati anaangalia gari. Ayo akaweka ungo chini, akaenda ukutani, akaanza kubandua kwa ukucha. Taratibu. Mama yangu, aliyetulea peke yake kwa jembe la mkono, anabandua ukuta wake kama mtu anayefuta kosa! Nilimshika mkono. Roho iliniuma, nikalia kwa sauti, mimi mtu mzima mwenye watoto wangu.

Nikamwambia, Ayo, huyo mwalimu kama elimu yake inaogopa gazeti lililogeuka, basi alisomea nini?

Akauliza, yapi?

Nikamwonyesha, moja baada ya jingine. Lile la subira liko sawa. Lile la tembo liko sawa. Lile la maji limegeuka. Akalisogelea, akalipapasa, halafu nikaona mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka!

"Ndiyo maana hayajafika," akasema. "Mimi ndiye niliyeyamwaga."

Tulicheka tukashikana mbavu. Ayo akajifuta machozi kwa khanga, akarudi kwenye kigoda chake, akachukua tena ungo. Akapeta mara mbili tatu. Kisha akasema, na hapo hakuwa anacheka tena:

"Huyo mwalimu akija, mpeni kiti hapa hapa mbele ya ukuta. Akitaka kusoma kwangu, atainama."

Boay alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu saa ngapi, ila hilo alilisikia vizuri, niliona uso wake. Alichukua ndoo zake akazirudisha kwenye gari, na ni nzito kweli, alikuwa anayumba nazo kwenye tope. Mimi nilikaa nikamtazama. Sikumsaidia hata moja.

Kesho nachinja jogoo, nafagia sebule, namsuka Ayo nywele. Na ole wake atakayegusa ukuta wa mama yangu.