Nilisubiri Mkojo Uwe Mweupe

Kwako Mama Eufrazia, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Naandika nikiwa na furaha kwa kuwa jana nimeona siku zangu, ila kuna jambo nimelificha, naomba unisaidie.

Mimi ni mke wa Mutembei, mnunuzi wa dagaa visiwani, tuna watoto wawili na wengine watatu wa marehemu kaka yangu Rugambwa, ambaye Juliana, yaani UKIMWI, ilimchukua yeye na mkewe mwaka juzi, na mimi natumia dawa za kifua kikuu, huu mwezi wa pili, tumepima damu wote wawili tukakutwa salama, lakini daktari alisema nisibebe mimba mpaka nimalize dawa, basi tunatumia kondomu, na Jumamosi moja usiku ikapasuka. Jumatatu nikaenda kliniki ya uzazi Muleba, sikusema nina TB maana watu wakisikia kifua wanawavuta watoto wao mbali nawe, nesi akanipa vidonge vinane vya uzazi wa mpango vya kuzuia mimba, vinne mara moja na vinne baada ya saa kumi na mbili, akasema nisipitishe siku tatu. Njiani nikakumbuka tuliambiwa kwenye dawa za kifua kwamba ile kapsuli nyekundu inadhoofisha vidonge vya uzazi. Sasa Mama, bibi alinifundisha kukamua rubisi, ile pombe ya ndizi, mtumbwi wa kukamulia wenye masalia ya juzi hautiwi ndizi mpya mpaka uoshwe maji yatoke meupe, nikaona mwili ni vivyo hivyo, na kwa kuwa kapsuli ile hutia mkojo rangi nyekundu, nikaiacha, nikangoja, mkojo ukawa mweupe Jumanne jioni, ndipo nikameza vile vidonge.

Tangu hapo nimezidi kuiacha, naogopa isije ikavishinda, kila Ijumaa nachukua dawa za wiki natia kwenye kopo la kahawa, leo siku ya kumi na sita. Mutembei anacheka, ananiita daktari. Je, kondomu ikipasuka tena nifanye hivi hivi? Na zile za kwenye kopo nizimeze pamoja nifidie? Kikohozi kimerudi asubuhi, lakini si sana.

Immakulata, Rubya

Marahaba, Immakulata. Nilikuwa nafurahi nawe mpaka nilipofika mstari wako wa mwisho. Barua yako yote ni ule mstari, mwanangu, nawe umeuandika kama neno la mtu anayeaga mlangoni.

Mwili si mtumbwi wa rubisi. Kapsuli nyekundu hulizoesha ini kuvunja vidonge vya uzazi upesi, na ini haliachi mazoea hayo kwa siku moja, linachukua wiki kadhaa. Rangi ilitoka, kazi yake ikabaki. Kuacha dawa hakukukinga hata kidogo. Ulipata bahati tu, tena ukapoteza siku nzima katika tatu ulizopewa. Na wewe msomaji mwenye jipu au jino, unayemeza vidonge vya rangi mbili, antibiotiki za kawaida, usiache dozi kwa sababu ya barua hii. Hivyo havigombani na vidonge vya uzazi.

Immakulata, mimba uliyokuwa unaiogopa haikuja. Kifua ndicho kinachorudi. Wadudu wake wakiachiwa siku kumi na sita wanaweza kuizoea dawa, na unalala nyumba moja na watoto watano, watatu kati yao wamekwisha kuzika mama.

Usimeze hata kapsuli moja ya kufidia. Kesho asubuhi beba kopo lenyewe mpaka kwa nesi wa kifua, limwage mezani, mwambie, 'Sikuzimeza.' Atakugombeza, mwache agombeze. Atapima makohozi na kusema mnaanzia wapi. Watoto waende nawe. Ukitoka hapo rudi kliniki ya uzazi, safari hii useme una TB, uulizie kitanzi cha shaba kinachowekwa kizazini kuzuia mimba: hakijali kapsuli, na hata baada ya kondomu kupasuka huweza kuwekwa ndani ya siku tano. Damu ya jana ikiwa ilikuwa kidogo kuliko kawaida, upimwe mimba pia.

Mutembei naye asicheke kwanza. Siku utakayoona mkojo wako umerudi mwekundu, mwambie alete sato mkubwa, mle wote saba. Hapo ndipo mcheke.