Ulipokuja Kuongea Bwaloni

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu baba, ni nyingi kuliko nitakavyoweza kuziandika. U mzima? Mkeo hajambo? Wajukuu zangu wanalala vizuri, na yule mdogo kikohozi kimemwacha? Mkandeni kifua kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, msingoje mpaka kimzidi. Mimi sijambo, ni presha tu, inapanda na kushuka ipendavyo yenyewe. Miguu nayo inavimba nikisimama sana, lakini hilo si jipya kwako.

Najua utashangaa kuona barua, maana umezoea nikupigie simu. Kwenye simu unanishinda, baba. Nikianza neno moja wewe unalo jibu tayari, nami naishia kusema haya, sawa, nimeelewa, halafu nakata nikiwa sijasema nililotaka. Karatasi hainikatizi. Mwandiko wangu uuvumilie, na penye kosa soma nilichokusudia.

Bi Kicheko hakusalimu. Nilimwuliza kama ana salamu za kukupa, akasema hana. Unamjua alivyo kwangu. Kwenye kukata sabuni pale kiwandani tunakaa wawili wawili mezani, mmoja anavuta waya, mwingine anadaka vipande kabla havijaanguka. Ukishapata mwenzako mikono inazoeana, huna haja hata ya kumtazama. Yeye na mimi tumevuta waya huo tangu wewe unaanza shule, na ulipokuja kiwandani na magoti yamechubuka yeye ndiye aliyekuosha, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na magadi ya sabuni, yanayochoma.

Nianze na ile siku niliyokuja kwako, tukala, tukanywa chai. Nilikuuliza hasa kazi yako ni nini, maana watu wananiuliza nami najibu sheria, sheria, bila kujua ni sheria gani. Ukanieleza polepole kama mwalimu mwema. Ukasema unawashauri wenye kampuni: mfanyakazi apewe nini juu ya mshahara, nini kinaweza kuondolewa bila kuvunja sheria, na mkubwa alipwe vipi ili achape kazi. Ukasema kuna mkurugenzi umemwandikia mkataba, kila gharama anayoipunguza naye anapata fungu lake. Nikasema huyo atawazimia watu hata taa za chooni. Ulicheka mpaka ukapaliwa. Hukuniambia kuwa ni mkurugenzi wetu.

Halafu ukaja kwetu kiwandani, bwaloni tunakolia chakula. Mimi sikuwa na habari, nilikuona tu umesimama pale kwenye dirisha la jikoni na suti ya kijivu, moyo ukanilipuka kwa furaha. Mzee wa boila akapaza sauti kutoka nyuma, huyu si yule aliyekuwa akisikia mvuke anakimbilia kwenye kanga ya mama yake? Watu wakaangua kicheko, nawe ukacheka, ukamwamkia mbele ya wote. Hapo ulikuwa umeshatupata.

Ukatueleza kuwa zile kadi za hospitali za kampuni zinaondolewa, za wafanyakazi na za watu wao wa nyumbani, na badala yake tutapewa posho ya matibabu ndani ya mshahara, kila mtu akajinunulie bima aitakayo. Ukasema hakuna atakayekuwa na hali mbaya kuliko alivyokuwa. Fundi mitambo, unamjua kwa ubishi, akauliza mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa kudumu atapokelewa na bima ipi. Ukamjibu kwa upole kuwa bima zipo nyingi, zinagombea wateja, nafasi itapatikana. Yeye akasema basi tupeni muda tukaulize kwanza, kabla ya kutia sahihi hizo fomu.

Ndipo nikasimama mimi. Hakuna aliyenituma. Nikasema huyu nimemzaa, kungekuwa na baya ndani yake angeshaniambia nyumbani, tieni sahihi turudi mezani kabla sabuni haijawa jiwe. Unajua sabuni ikishapoa waya haupiti, na bamba zima linarudi kuyeyushwa huku msimamizi anatusema. Watu wakapanga foleni. Bi Kicheko alitia sahihi mbele yangu, akanitania kuwa leo hata kalamu ina harufu ya mwanao.

Sasa sikia. Mumewe yule seremala ana sukari, sindano zake zote zilikuwa zinatoka kwenye ile kadi. Bi Kicheko alizunguka ofisi za bima mpaka soli zikaisha. Kila wakisikia sukari wanafunga daftari. Mmoja akakubali kumpokea, ila kwa magonjwa mengine yote isipokuwa hilo. Bi Kicheko akasema ni kama kuuziwa mwavuli wa kufungua jua likiwaka tu. Alikuwa bado anatania wakati huo. Posho ikawa inanunua sindano za wiki mbili, siku za mwezi zinazobaki mzee anavumilia. Patasi ikamwangukia kwenye kidole cha mguu, kidonda kikakataa kupona, na kwenda hospitali wakawa wanaahirisha kwa kukosa hela. Wamemkata mguu chini ya goti.

Mkewe hajanitolea neno baya hata moja. Laiti angenitukana. Ameomba ahamishiwe meza nyingine, basi. Mimi nimepewa msichana mgeni, vipande vinaanguka kutwa.

Siku habari ya mguu ilipofika, kichwa kilinizunguka, wakanikimbiza hospitali. Kadi yangu nilikuwa nayo bado. Zilipokusanywa, ofisa utumishi alinirudishia akasema niendelee kukaa nayo, taratibu hazijakamilika, nikadhani ni uzembe wao wa ofisini. Kwenye dirisha la mapokezi nikamwambia binti aliyekaa hapo asijisumbue, kadi imeshakufa. Akaijaribu. Akasema mama, hii ni nzima kabisa, wewe uko kundi la wakubwa, pamoja na mkurugenzi na familia yake, je nikupe chumba chako peke yako? Wakanilaza kwenye chumba chenye mapazia, shuka zinanukia. Ghorofa ya chini seremala alikuwa wodini, kitanda kimoja watu wawili, miguu mitatu.

Nilipotoka nikamfuata ofisa utumishi. Alidhani najua, akacheka. Akasema hilo lilikuwa ombi lako moja tu kwa mkurugenzi, mama yako asiguswe, kwa sababu na presha ile hakuna bima itakayompokea. Nikamwambia arudie. Akarudia vile vile. Hakuna bima itakayompokea.

Kumbe ulijua, baba. Fundi mitambo alipokuuliza, jibu ulikuwa nalo, na ulikuwa umeshalitumia kwa ajili yangu.

Usidhani sikuona mapenzi hapo. Niliyaona, ndiyo yanayoninyima usingizi. Ungenisahau pamoja na wenzangu, ningesema mwanangu hakujua, amekosea kama watu wanavyokosea, na ningekutetea mpaka sauti inikauke. Hukunisahau.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Umeshasikia kuwa wenzangu wamepeleka malalamiko baraza la kazi. Kampuni inasema ilifanya yote kwa nia njema, wala haikujua kuwa wagonjwa watakataliwa. Dada anayetusimamia kutoka chama cha wafanyakazi alikuwa anahangaika, hana cha kuonyesha kuwa walijua. Nimempa kadi yangu. Nimemweleza yote, na alichosema ofisa utumishi. Akaniuliza kama ninaelewa kuwa unaweza kunyang'anywa uwakili. Nikamwambia naelewa. Nikaomba maji ya kunywa. Alhamisi nitakula kiapo niyaseme mbele ya mwamuzi, na wewe najua utakuwepo upande wa pili.

Sikuwaambia wenzangu ili wanipende tena. Bi Kicheko alipopata habari aliendelea na waya wake.

Usinitumie hela ya dawa, nitairudisha. Nimepata kliniki ya foleni, nafika mapema. Mbusu yule mdogo kifuani panapomkwaruza, mkubwa mwambie bibi ameiona picha aliyochora na amefurahi. Mkeo msalimu sana, na usimfiche barua hii, asije akayasikia barabarani.

Na ninakuomba jambo moja. Ukinikuta pale Alhamisi usiniamkie. Ukiniamkia nitaitikia, na nikishaitikia sitaweza kusema tena.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama