Rubani Ndani ya Kioo

Asegelile, acha unachofanya usome.

Ni kuhusu ile ndege ya rimoti ninayomsaidia mjukuu wangu Lameck kuiunda, mfano wa ndege ya Mwingereza ambayo mimi na wewe tulikuwa tunaikimbilia kuitazama utotoni. Leo tumemaliza kioo cha rubani. Nilifinyanga umbo la udongo, tukalivika chupa ya maji, tukalipasha kwenye makaa mpaka plastiki ikabana.

Juzi Lameck aliniambia, "Bibi, nifinyangie na rubani." Nikamfinyanga huku naongea, sikuwaza sura ya mtu yeyote. Leo kampaka rangi, kamketisha, kafunika kioo na kukigandisha kwa gundi.

Mara akaingia mkwe wangu Rut, mama yake Lameck. Akachungulia. Akaangusha ungo wa mchele!

"Mama! Mbona umemweka Anyitike humu?"

Mwe! Nikatazama. Ni Anyitike. Ni mwanangu kabisa, na lile paji lake! Mikono yangu imemtoa yenyewe, Asegelile.

Na unajua Lameck alikuwa bado tumboni ziwa lilipomchukua baba yake. Picha hatuna hata moja. Akauliza polepole, "Kumbe baba alikuwa hivi?"

Rut analia, "Hiyo ndege hairuki juu ya ziwa! Lisimchukue mara ya pili! Ng'oa kioo, umtoe!"

Lameck kaikumbatia ndege, hataki kioo kiguswe. Kesho alipanga kuirusha ufukweni hapa Matema, wenzake wote wanakuja.

Sasa wote wawili wananingoja mimi niamue. Nimewaambia wasubiri kidogo.

Sijawaambia kwamba na mimi bado namtazama.