Tairi la Kulia Nyuma

Voi, Jumamosi jioni, Januari 1976

Leo joto limeanza kabla sijavaa viatu. Upepo umetoka upande wa mashamba ya mkonge, umetuletea vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria. Nimekunywa chai yenye vumbi na sikulalamika. Nimlalamikie nani?

Mke wangu Wakesho ana miezi miwili sasa kwao Chawia, juu milimani.

Nimeshinda gereji, chini ya gari. Kesho mchana ni mashindano kwenye kile kipande cha lami ya zamani, robo maili, mimi na Karim wa Mombasa. Gari lake ni jepesi, linatoka kama paka aliyemwagiwa maji. Langu lina silinda nane, lilikuwa la meneja mmoja wa mkonge aliyerudi kwao Ulaya, na lina nguvu kuliko akili, kama mimi mwenyewe. Nikikanyaga mafuta, matairi ya nyuma yanazunguka palepale, moshi unafuka, watu wanashangilia, na Karim ameshafika.

Wasiojua hudhani mashindano haya ni ya injini. Ni ya matairi ya nyuma. Nguvu isiposhika chini ni kelele tu.

Miaka miwili nimeitafuta dawa. Nimepunguza upepo wa matairi ya nyuma mpaka yakabonyea kidogo, yapate kuilalia lami vizuri. Nimetoa yale magumu ya safari ndefu nikafunga yenye mpira laini. Nimejifunza kuyamwagia maji na kuyazungusha kidogo kabla ya kuondoka, vumbi litoke na mpira upate joto. Klachi naiachia taratibu, ingawa mguu wangu haukuzaliwa na subira. Bado tairi la kulia lilikuwa likiteleza peke yake. Injini ikivuta kwa nguvu huisokota ekseli ya nyuma, na upande wa kulia hunyanyuka. Tairi likikosa uzito litashika nini?

Dawa ya kwanza ilikuwa Wakesho. Naandika huku nacheka, lakini ni kweli. Jioni moja nilikuwa namrudisha nyumbani kutoka mazoezi ya kwaya, amekaa nyuma yangu upande wa kulia na kikapu cha viazi magotini, nikalijaribu gari. Lilichomoka bila moshi. Tangu siku hiyo kila nilipofanya majaribio alikaa pale, mkono mmoja umeshika kitambaa cha kichwa, akinihesabia moja, mbili, tatu. Siku moja aliniuliza, "Mwakio, wewe ulioa mke ama ulioa gunia?" Nikamwambia gunia haliimbi.

Kisha wenzangu wa gereji wakaanza kunicheka, ati siwezi kuondoka mpaka mke anikalie nyuma. Nikaona haya. Nikatafuta gunia.

Mchanga ulivuja kwenye buti la gari. Mawe yalibingirika. Mahindi ndiyo hutulia, yanajaza kona yake na hayayumbi. Na mahindi yaliyokuwa nyumbani siku ile yalikuwa mbegu ya Wakesho, aliyopewa na mama yake, iliyokaa juu ya moshi wa jiko tangu mavuno ikingoja vuli. Nililichukua gunia bila kumwuliza. Nilijiambia litarudi mahali pake kabla hajatoka sokoni.

Pembeni ya gunia nilikuwa nimeacha jerikeni la petroli. Gari lilipochomoka, jerikeni likapinduka. Nilipofungua buti gunia lilikuwa limelowa mpaka juu. Nilianika mbegu nyuma ya gereji mpaka harufu ikapungua, nikazirudisha. Nikanyamaza.

Mvua ilipokuja alipanda siku tatu, mbegu tatu tatu kila shimo, akiimba.

Hazikuota. Za majirani zilitoka, zake hazikutoka. Alifukua kwa vidole kutazama. Akasema labda moshi ulizidi, labda mkono wake umekuwa mbaya, labda kuna jambo alimkosea mama yake bila kujua. Usiku aliomba kwa Mungu amwonyeshe kosa lake, nami nimelala ubavuni mwake namsikia.

Siku alipolikung'uta lile gunia tupu ili alifue, alinusa petroli. Hakupiga kelele. Alifunga nguo zake akapanda milimani kwao.

Mara mbili nimepeleka ujumbe kwa baba yake kwamba petroli ilimwagika na mimi sikujua. Ni uongo. Mara zote mbili hakuna jibu lililorudi.

Leo saa nane jibu limekuja. Mwashuma, mdogo wake Wakesho, ameingia gereji na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Amenisalimia kwa heshima kuliko ninavyostahili.

"Shemeji, baba amesema uje kesho, watu wakitoka kanisani. Atatasa. Na amesema usije na gari, uje na maneno."

Kwetu hasira ya mzazi si kitu cha kuachwa ikae moyoni, huweza kuiumiza nyumba. Hivyo mzee huchukua pombe ya miwa mdomoni, akaipuliza nje na maneno ya amani, na hasira ikatoka nayo. Huko ndiko kutasa. Mwalimu wa kanisa hapendi, lakini mkwe wangu husali asubuhi na kutasa mchana, na sijaona Mungu akimkemea. Sharti ni moja. Kila mmoja aseme kwanza lililo moyoni, lote. Ukificha, pombe imemwagika bure na hasira inabaki.

Nikamwuliza dada yake anasemaje.

"Hasemi kitu. Ameniambia tu niangalie kama unakula."

Nimejifanya natafuta spana.

Alipoondoka nimelipeleka gari kwenye lami. Wiki hii niliongeza bamba moja kwenye springi ya kulia, na mchanga wa mto nimeushona gunia ndani ya gunia usivuje, umekaa juu ya lile tairi sumbufu. Nimeachia klachi. Hakuna moshi, hakuna mlio wa mpira. Limeshika chini na kuniegemeza kitini, limekwenda moja kwa moja. Ndicho kitu nilichokitafuta miaka miwili. Kesho Karim angekula vumbi langu.

Nikageuka nyuma nimwambie.

Nimekaa pale na injini imezimwa, nimemtamani mke wangu. Nimetamani sauti yake ikihesabu, nimetamani hata kuchekwa na yeye. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi mjukuu huyu nimemlea miezi miwili akinenepa.

Karim atafika kesho, hatanikuta, na mji mzima utaniita mwoga. Wacha waniite. Alfajiri kuna lori la mboga linalorudi Wundanyi, nitashukia huko na kutembea mpaka Chawia, niwahi ibada yao. Funguo za gari nimemwachia jirani.

Kilichobaki ni maneno. Nimeyajaribu hapa mezani kwa sauti yakagoma kutoka. Najua nikiyasema Wakesho anaweza kunyanyuka mbele ya baba yake akatoka nje, na sitakuwa na neno la kumrudisha. Nisipoyasema, mzee atatasa juu ya uongo, na Wakesho akishuka nami atashuka na mtu asiyemjua. Basi nayaandika, nikifika niyasome kama nimeshindwa kuyasema.

Wakesho, nilijua. Zile siku tatu ulizopanda, mimi ndiye niliyekuchimbia mashimo, na nilijua.