Basi la Saa Kumi na Mbili na Nusu

Mwanangu kipenzi, kitindamimba wangu,

Pokea salamu nyingi za mama yako. U hali gani? Unakula? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku mlimani hatujambo, ila magoti yangu, na hayo umeshayazoea. Baba yako anakusalimu. Ana neno lake, nitalifikia. Nisamehe mwandiko, kalamu sijaizoea. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Unajua kila asubuhi nashuka bondeni kufagia madarasa, na basi napandia pale kwenye kiwanda cha matofali. Tangu mvua zianze, basi namba sita la saa kumi na mbili na nusu halisimami. Ukungu umetanda, tunaona taa tu, tunapunga mikono, linatupita vuuu kana kwamba sisi ni nguzo za umeme. Mengine yote yanasimama, ila hilo. Nimechelewa kazini mara tatu, mpaka mwalimu mkuu akaniambia nikirudia nitafute kazi karibu na kitanda changu.

Basi hasira zikanipanda. Jirani yetu fundi cherehani akaandika barua ya malalamiko, na maneno nilimpa mimi: dereva ana kiburi, anatudharau watu wa mlimani, aondolewe. Nikatia sahihi ya kwanza. Watu thelathini na mmoja wakafuata. Fundi akasema ningesoma ningekuwa wakili, nami nikavimba kichwa.

Jana nikaitwa ofisi ya mabasi. Msimamizi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasema jambo hili linamshangaza. Dereva huyo ana mwaka mzima hajakwaruza hata kioo, na vikongwe wanamsifu anavyoshuka ile kona ya daraja. Tangu apangiwe safari ya alfajiri mvua zilipoanza, anaruka kituo kimoja tu, safari hiyo moja tu. Ameulizwa sababu, hataki kuitaja. Akanisogezea faili lenye picha, akauliza kama namfahamu.

Mwanangu! Nilidhani macho yananichezea. Sare ya bluu, kofia, na lile kovu la kidevuni ulilolipata kwenye ngazi za jikoni. Mwaka mzima nawatangazia watu kuwa binti yangu yuko chuo cha uuguzi, kama ulivyoniambia! Papo hapo nikaelewa kwa nini kituo kile na safari ile. Ulikuwa unanikwepa mimi.

Na sababu naijua. Siku ile uliposema unataka kuendesha magari makubwa, nilikwambia binti dereva wa basi ataniua kwa aibu. Nilisema mbele ya shangazi zako, tukacheka wote. Wewe hukucheka.

Lakini kuna baya kuliko hilo, na heri ulisikie kwangu. Mzee aliporudia kuuliza, nikasema simjui. Kwa mdomo wangu huu, picha yako iko mbele yangu. Akaandika, nikatia sahihi. Nyumbani sijui nilifikaje.

Ijumaa saa nne wanakaa kuamua kama utafukuzwa. Saa tatu nitakuwa mlangoni. Nitawaambia nilisema uongo, huyu ni wangu wa kumzaa, na mdomo wangu ndio uliomfanya aogope kusimama. Kazi ya kufagia ikiponyoka siku hiyo, na iponyoke. Baba yako nimemweleza yote. Alikoroga chai mpaka ikapoa, halafu akauliza kama kweli unaweza kuligeuza lile basi refu pale sokoni. Nikamwambia watu wanasema unaligeuza mara moja tu, bila kurudi nyuma. Akaomba chai nyingine.

Ukiwa hutaki kunisemesha Ijumaa, usinisemeshe. Kaa upande wako, mimi nitaongea.

Barua hii nampa mkata tiketi wa kituo kikuu akukabidhi mkononi. Msalimie mwenzako wa chumba. Vaa sweta asubuhi, ukungu huu si mzuri kwa kifua.

Ni mimi,
mama yako mzazi