Dalali wa Moraa

Nechells, Birmingham
14 Machi 1972

Kemunto mdogo wangu,

Sisi wazima, ila baridi inatula magoti. Mwanangu Moraa anayeniandikia ametoka zamu hospitali, ameniambia niseme haraka. Ananijua lakini.

Anataka kununua nyumba, jasho lake la miaka minne. Dalali anaitwa Jagjit, Kalasinga wa Kisumu, Kiswahili anakijua. Ananiita mama, ananifungulia gari, ananishikia mwavuli. Nikasema moyoni, anayebembeleza hivi anaficha kitu. Siku ya kuona nyumba Moraa yuko kazini, nikaenda na huyo dalali wawili tu, nikakagua mpaka nyuma ya mapazia.

Wewe unajua, kwetu hununui nyumba kabla hujamjua jirani. Nikamwambia, "Nipeleke hapo mlango wa pili nisalimie." Akasita. Ee, nilimwona!

"Mama, Wazungu hawapendi kubishiwa hodi hivi hivi."

"Basi hatununui."

Akabisha. Akatoka bibi kizee wa Kizungu, akaongea, akaongea, anaonyesha ukuta kwa kidole. Mimi Kiingereza sijui hata salamu. Huyu kijana angeweza kunitafsiria lolote, Kemunto. Akanigeukia, akasema, "Mama, anasema kaunsili ya mji itabomoa mtaa huu wote. Ofisini hawakuniambia. Msinunue."

Moraa anasema huyo ndiye dalali wa kweli, na sasa anatutafutia nyingine. Ananiuliza kama sasa namwamini. Simwamini! Ila madalali wengine wote wakija, nawafungia mlango.

Ni mimi dada yako Bosibori. Dole gumba langu hilo hapo chini.